Pedi kabatini, wasichana nyumbani: kisa cha shule moja ya kata Newala

Katika shule moja ya sekondari ya kata wilayani Newala, kabati la matroni lilikuwa limejaa maboksi ya taulo za kike. Katika shule hiyohiyo, wasichana wa kidato cha pili na cha tatu walikuwa wakikosa masomo siku mbili tatu kila mwezi. Hali hizo mbili zilikaa pamoja kwa zaidi ya mwaka bila mtu kuziunganisha. Msaada ulitolewa, ukapokewa kwa shukrani, picha zikapigwa, na taarifa ikaandikwa kwamba suala la hedhi shuleni limeshughulikiwa.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya shule hiyo. Kisa hiki nakiandika kwa kirefu kwa sababu shule nyingi za Mtwara na Lindi zinapita njia hiihii, na naona swali tunaloanza nalo ndilo linalotupoteza. Tunauliza: binti atapata wapi pedi? Shule yetu ilianza kupata nafuu ilipouliza mengine: iliyokwisha kutumika anaipeleka wapi, ananawa kwa maji gani, na akitaka kutoka darasani anamuaga nani. Jina la shule sitalitaja, wala la mtu yeyote, kwa kuwa humu mna siri za watoto.

Shule iko juu, kwenye uwanda wa Makonde. Udongo wa huku ni kichanga, mvua ikinyesha maji yanapotelea chini kabisa, hakuna mto wala kisima cha kuchimba kwa jembe. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala mjini, unaliona bonde la Ruvuma chini na Msumbiji ng'ambo, na bibi zetu wanasimulia jinsi walivyoteremka alfajiri kufuata maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950, enzi za Mwingereza, wa kuyasukuma maji kwa mashine kutoka chini hadi juu. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilisaidia miradi mikubwa ya maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Mabomba yapo basi, lakini maji yanayopandishwa kwa pampu yana siku zake za kutoka na siku zake za kukatika, na yakikatika ndoo inauzwa.

Mvua kwetu ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, zikizidi sana ni Mei mwanzoni. Shule ina tangi la plastiki lililounganishwa na gata za paa la madarasa mawili. Masika linajaa. Ikifika Agosti ukiligonga linatoa mlio wa utupu, na kila mwanafunzi anaagizwa kuja na kidumu cha lita tano. Maji hayo yanakwenda jikoni kwa ajili ya uji, yanakwenda kupiga deki madarasa, yanakwenda kwenye miche. Choo cha wasichana kinapata kilichobaki, na mara nyingi hakibaki kitu.

Mwongozo wa taifa wa maji na usafi wa mazingira shuleni unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, pamoja na chumba maalumu ambamo msichana anaweza kujistiri na kubadilisha, chenye maji na mahali pa kutupia. Sisi tulikuwa mbali na kipimo hicho. Chumba hakikuwepo, baadhi ya milango haikuwa na komeo, na choo cha wasichana kilitenganishwa na cha wavulana kwa ukuta usiofika juu, kiasi kwamba wanaosimama upande mmoja wanasikia kila kitu cha upande wa pili.

Msaada ulivyokuja

Wafadhili walikuja tarehe 28 Mei, Siku ya Hedhi Salama Duniani, ambayo imekuwa ikiadhimishwa tangu 2014. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa sababu mzunguko huhesabiwa kwa wastani wa siku 28 na hedhi yenyewe siku tano. Kila msichana alipewa paketi moja ya pedi nane, na maboksi yaliyobaki yakafungiwa kabatini kwa ajili ya dharura. Msaada mwingine ulijenga kichomea taka cha matofali nyuma ya choo. Watu waliofanya hayo walikuwa na nia njema, nawashukuru mpaka leo.

Lakini tufanye hesabu. Pedi inatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa nne hadi sita. Hata akitumia tatu au nne tu kwa siku, kwa hedhi ya siku tano binti anahitaji kati ya 15 na 20. Paketi ya nane ni kama nusu ya mahitaji ya mwezi mmoja, nayo inatoka mara moja kwa mwaka. Msichana anayejua hivyo anaibana: anavaa moja tangu alfajiri mpaka arudi. Tunao wanaotoka vijiji vya mbali, wanaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kufika tena saa kumi jioni. Ni saa kumi na moja mfululizo. Hata angekuwa na pedi mia, lazima abadilishe akiwa shuleni, na shuleni hakuna maji, mlango haufungi, na pa kuitupa ile ya kwanza hapajulikani. Katika hali hiyo binti mwenye akili timamu anabaki nyumbani, na mimi simlaumu.

Halafu kulikuwa na utaratibu wa kabati. Mfadhili alitaka uthibitisho kwamba pedi zimewafikia walengwa, kwa hiyo kila anayechukua asaini daftari: jina, kidato, tarehe. Daftari lilikaa ofisi ya walimu. Matroni akiwa darasani anafundisha, ufunguo anao mwalimu wa zamu, na mara nyingi ni mwanaume. Kwa hiyo msichana aliyefundwa kwamba damu yake haijulikani na mwanaume yeyote, hata baba yake mzazi, alitakiwa aende mbele ya mwalimu wa hesabu, aombe, asaini, na aache jina lake juu ya meza hiyo, tarehe kwa tarehe. Waliosaini walikuwa wachache mno. Kwenye taarifa hilo likaandikwa kuwa ni dalili kwamba mahitaji ni madogo.

Kutoka darasani nako kulikuwa na kitabu chake, kitabu cha ruhusa, chenye safu ya "sababu". Wasichana wote waliandika "tumbo".

Kilichomo kwenye daftari la mahudhurio

Aliyekuja kuvunja ukimya ni matroni mpya, mwalimu wa baiolojia, kijana. Alichukua madaftari ya mahudhurio ya vidato vyote akaanza kuyasoma jioni jioni kwa kalamu nyekundu. Kitu cha kwanza alichotuonyesha kwenye kikao ni kwamba baada ya Mei, miezi ya msaada, utoro wa wasichana haukupungua. Cha pili ni kwamba uliongezeka kuanzia Agosti, tangi linapokauka, ukaendelea hivyo mpaka Novemba. Cha tatu ndicho kilichonigusa zaidi: daftari linaitwa asubuhi, saa moja na nusu. Msichana anayekuja, akaitika, kisha akachafuka saa nne na kuondoka kimyakimya kupitia mikorosho nyuma ya shule, kwa daftari amehudhuria siku nzima. Kwa hiyo hata utoro tuliokuwa tukiuona ulikuwa pungufu ya ule wenyewe.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu takwimu nyingi zinazosomwa majukwaani kuhusu hedhi na utoro zinategemea madaftari kama haya. Wachumi wawili, Emily Oster na Rebecca Thornton, walichapisha mwaka 2011 utafiti walioufanya Nepal, ambako wasichana waligawiwa vikombe vya hedhi, yaani vikombe vidogo vinavyovaliwa ndani kukinga damu. Walikuta kwamba utoro unaotokana na hedhi ulikuwa mdogo sana, haufiki siku moja kwa mwaka wa masomo, na kwamba vikombe havikuongeza mahudhurio. Vilichofanya ni kuwapunguzia wasichana muda wa kufua. Upande mwingine, utafiti uliofanyika katika shule nane za wilaya ya Kamuli, Uganda, ukachapishwa 2016, ulikuta mahudhurio yalishuka zaidi katika shule ambazo hazikupewa chochote kuliko zile zilizopewa pedi za kufua, au elimu ya balehe, au vyote viwili. Elimu peke yake nayo ilisaidia. Ninavyozielewa tafiti hizi mbili nikizisoma pamoja, hakuna kifaa kinachomleta mtoto darasani chenyewe. Inategemea kinaingia katika maisha gani: ya maji gani, ya mlango gani, ya nani anazungumza na mtoto huyo.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Matroni aliwakusanya wasichana Ijumaa baada ya masomo, chini ya mwembe wa nyuma, hakuna mwalimu wa kiume karibu, hakuna karatasi ya kusaini. Siku ya kwanza walitazama chini tu. Baadaye mmoja wa kidato cha tatu akasema, "Madam, kile kichomea taka tunakiogopa." Hapo ndipo yakaanza kutoka.

Kichomea taka kilijengwa mahali ambapo wavulana wakicheza mpira wanakiona. Moshi ukipanda wanapiga miluzi. Hilo lilikuwa moja, na lingetosha. Lakini lilikuwepo zito zaidi: nyumbani wamefundwa kwamba damu ya mwanamke haichomwi moto, anayechomewa hatazaa. Msichana wa miaka 15 aliyeambiwa hivyo na bibi yake mzaa mama, mtu anayemwamini kuliko kitabu chochote, hatathubutu. Kwa hiyo pedi zilizotumika zilifungwa kwenye karatasi la daftari na kurudishwa nyumbani ndani ya begi pamoja na vitabu, au zilitumbukizwa chooni. Pedi za dukani zina plastiki ndani, haziozi, na shimo la choo lilikuwa limejaa kabla ya wakati wake. Tulikuwa tumelalamika kikaoni kwamba fundi alichimba kina kifupi.

Yakatoka na ya Ramadhani. Wengi wa wanafunzi wetu ni Waislamu. Mwanamke aliye katika hedhi hafungi wala haswali, saumu atailipa baadaye, na hilo kila mtoto wa madrasa analijua, wavulana pia. Kwa hiyo msichana anayeonekana anakunywa maji mwezi wa Ramadhani ametangaza siku zake mbele ya shule nzima. Wengine walikuwa wanajifanya wamefunga, wanashinda na njaa na kiu huku wanatoka damu na tumbo linawauma. Wengine hawaji kabisa mpaka wasafike. Msaada wowote wa pedi haugusi jambo hili, na sijaliona limeandikwa kwenye mpango wa mradi wowote uliowahi kufika kwetu.

Na maumivu. Huku watu wanaita chango, wanachemsha mizizi, na wapo wanaoamini kwamba litaisha binti akizaa. Sanduku la dawa la shule lilikuwa na vidonge vya parasetamoli vya kuhesabu. Muuguzi wa zahanati ya kata alipoalikwa aliwaeleza wasichana kwamba mfuko wa uzazi unajibana kwa sababu ya kemikali zinazoitwa prostaglandini, na kwamba dawa kama ibuprofeni inazuia kemikali hizo, lakini imezwe mapema maumivu yanapoanza, na isimezwe tumbo likiwa tupu. Hapo mmoja akauliza swali la haki: tunakula nini? Uji wa shule unatoka saa nne, na unategemea maji ya vidumu. Muuguzi alisisitiza pia kwamba anayelazwa chini na maumivu kila mwezi, dawa haimsaidii, apelekwe hospitali akapimwe, asiambiwe avumilie. Nadhani sehemu kubwa ya utoro wetu ilikuwa hapa kwenye maumivu, kuliko tulivyodhani, na ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyekuja kupiga nayo picha.

Makungwi

Mradi wa kwanza ulikuwa umewaita akina mama, ukawaambia wazungumze na binti zao kuhusu hedhi. Walikuja, wakasikiliza kwa adabu, wakala soda, wakarudi makwao na hawakusema kitu. Mtu wa nje angeona ni uzembe. Kwetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao, mama hamfundi mwanawe mambo haya. Kumwambia mtoto uliyemzaa habari za damu yake ni kuvunja heshima kati yenu. Anayefunda ni bibi, ni kungwi, wakati wa unyago na siku binti anapovunja ungo. Mama anatuma ujumbe tu kwamba mwanangu amekua. Kwa hiyo mradi ulikuwa umempa kazi mtu ambaye mila imemkataza kuifanya, ukamwacha nje mwenye kazi yake.

Matroni akapendekeza tuwaite makungwi. Mjadala kwenye bodi ulikuwa mkali, na nauheshimu. Mkuu wa shule alikuwa na hofu, na hofu yake ina msingi: unyago wa siku hizi unawachukua watoto wadogo wa shule ya msingi, wanafundwa mambo ya ndoa kabla ya umri, na wapo ambao wakitoka huko mjomba anaanza kuulizia mposaji. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2016, na anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Shule ikionekana imekaa mkeka mmoja na makungwi, je, imeyabariki yote hayo? Mimi nilisimama upande wa matroni. Makungwi tayari wana masikio ya wasichana wetu. Tukiwaacha nje nguvu yao haipungui, ila sisi ndio tunakosa kujua wanasema nini.

Walikuja bibi watatu wa vijiji vya jirani. Mkuu wa shule akatoa shikamoo, akawaambia karibuni, kisha akaondoka na walimu wote wa kiume. Matroni alitandika mkeka darasani akakaa chini pamoja nao. Aliyonisimulia baadaye nayaandika kwa ruhusa yake na yao.

"Bibi, tumekuiteni kwa shida," alisema. "Watoto hawana pa kuweka vitambaa vyao. Tumewajengea pa kuchomea, hawachomi."

"Hawawezi kuchoma," akajibu mkubwa wao. "Nani amewaambia mchome? Damu haichomwi, mjukuu wangu. Sisi tulifua. Kilichochakaa tulizika."

"Na hizi za dukani zikizikwa?"

"Zikizikwa hazina neno. Ilimradi mbwa asifukue, na mwanaume asipite hapo akajua."

Ndani ya maneno hayo kulikuwa na mchoro mzima wa jengo. Shule ikaacha kichomea taka. Fundi akajenga chumba kidogo kilichopakana na choo cha wasichana, chenye mlango wa komeo kwa ndani, ndoo ya bomba, sabuni na ndoano ya kutundikia begi. Ukutani kuna tundu lenye mfuniko, na bomba pana linalotelemka hadi kwenye shimo refu lililojengewa na kufunikwa kwa zege, ambalo kila wiki linamwagiwa majivu ya jikoni. Pedi ikipita kwenye tundu hakuna anayeiona tena, wala hakuna moshi. Ule ukame wa ardhi yetu uliotutesa kwa maji hapa ukawa msaada: maji ya chini yako mbali sana, kwa hiyo shimo halihatarishi kisima cha mtu. Kasoro yake ipo, plastiki haiozi, na shimo likijaa itabidi lichimbwe jingine. Afisa afya wa kata alilikagua akaridhika nalo kwa mazingira haya.

Makungwi waliondoka na kazi yao pia. Kuanzia unyago wa likizo iliyofuata walikubali kuwaambia wali, mabinti wanaofundwa, kwamba kitambaa kifuliwe kwa sabuni na kianikwe juani, juu yake khanga, kisifichwe mbichi chini ya godoro. Kufichwa kule ndiko kulikowaletea wengi muwasho na fangasi. Walikubali kusema kwamba hedhi si sababu ya kuacha shule. Kuhusu umri wa kuolewa hatukukubaliana na mmoja wao, na tofauti hiyo iko palepale hadi leo.

Kitambaa cha kufua kilikuwa na ugumu ambao sikuwahi kuufikiria mpaka bibi mmoja alipousema. Kiangazi kina jua lakini hakina maji. Masika yana maji, lakini jua ni la kuvizia. Yeye ndiye aliyekumbusha pasi ya mkaa: kitambaa cha pamba kikishafuliwa na kukauka nusu, kipigwe pasi ya moto pande zote. Kwa pedi za kushona zenye tabaka lisilopitisha maji hilo haliwezekani kwa pande zote, tabaka linayeyuka. Kwa hiyo mshonaji wetu wa kijijini anashona aina ambayo tabaka hilo linachomolewa.

Fedha

Dukani kijijini paketi ya kawaida ilikuwa inauzwa kati ya shilingi 2,000 na 3,000. Kwa nyumba yenye mabinti watatu, zidisha mwenyewe. Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike katika bajeti ya 2018/19, ikairudisha 2019/20 kwa maelezo kwamba bei kwa mtumiaji haikushuka. Wakati huo wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi walipunguziwa kodi ya mapato kutoka asilimia 30 hadi 25. Kwetu kijijini, tangu kodi ilipoondolewa hadi iliporudi, bei ya dukani haikutikisika. Naona kosa lilikuwa kuondoa kodi bila kumbana muuzaji, na adhabu ya kosa hilo imemwangukia binti.

Kilichotusaidia zaidi ni kuitazama kalenda ya korosho. Fedha ya nyumba za huku inaingia mara moja, minada ikianza Oktoba hadi Desemba au Januari. Anayeombwa mchango Mei hana kitu mfukoni, hata awe anampenda mwanawe kiasi gani. Bodi ikahamisha kikao cha wazazi kwenda Novemba, malipo ya mnada wa kwanza yakishapita, na ikawa wazi kwamba mchango ni wa hiari na mtoto wa asiyechanga atapata sawa na wenzake. Waliochanga wengi walikuwa wajomba. Katika ukoo wa mama mjomba ndiye msimamizi wa watoto wa dada zake, na hakuhitaji kuambiwa fedha ni ya nini hasa, iliandikwa "mahitaji ya afya ya wanafunzi wa kike" na akaelewa. Fedha ile inanunua pedi za dukani kwa ajili ya miezi ya ukame, vitambaa na uzi kwa ajili ya mshonaji, ibuprofeni na sabuni.

Daftari la kusaini lilikufa. Sasa boksi liko ndani ya chumba chenyewe, kila msichana anachukua anayohitaji, na matroni anahesabu zilizobaki kila Ijumaa. Mfadhili aliyetaka majina alielezwa, akakubali hesabu ya boksi. Watu walitabiri zingeibwa zote wiki ya kwanza. Zilipungua kwa kasi miezi miwili ya mwanzo, wasichana wakiwapelekea dada zao nyumbani, kisha zikatulia. Kitabu cha ruhusa kimeondolewa safu ya sababu kwa wote, wavulana kwa wasichana. Kwa Ramadhani, jagi la maji na uji vinawekwa chumbani kwa matroni, na ustadhi anayefundisha dini aliwaambia wavulana bila kuzungukazunguka kwamba asiyefunga ana udhuru aliopewa na Mola wake, na kumchungulia au kumuuliza ni utovu wa adabu. Miluzi ilipungua baada ya hapo kuliko baada ya viboko vyote vilivyotangulia.

Matroni ameanzisha daftari la pili, linaloitwa saa nane mchana, na ndilo tunalolisoma kikaoni. Wanaotoroka saa nne wamekuwa wachache. Wanaokosa kwa maumivu bado wapo, na wawili tuliowapeleka hospitali ya wilaya wanaendelea na matibabu.

Pabaya ni pale pale kwenye maji. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne unafanyika Novemba, na wa kidato cha pili uko jirani nao, yaani katika ncha ya kiangazi, tangi likiwa tupu kabisa. Binti anaingia kwenye chumba cha mtihani cha saa tatu katika mwezi ambao hana hata kikombe cha kunawia. Bodi imeomba halmashauri tangi la pili litakalofungwa makusudi kwa ajili ya chumba cha wasichana, lisiguswe kabla ya Septemba, na wazazi wamekubali kuchimba msingi wake. Nayo shule ya msingi iliyo jirani, ambako wapo wanaovunja ungo wakiwa darasa la sita, haina chumba, haina matroni, na wasichana wake wanavuka barabara kuja kutumia chumba chetu wakati wa mapumziko. Kamati yao na bodi yetu zinakutana mwezi ujao kuamua kama tujenge cha pili upande wao au tuongeze milango kwenye hiki, na fedha za korosho za msimu huu zitoke mfuko gani.